Nipo

Jana, pale Kange, pedeli ilizama
kama mguu kwenye mkate wa kumimina uliogoma kuiva.
Mbele yangu pikipiki, imepakia mama na jogoo.
Nikakanyaga mara ya pili, ya tatu,
na kirikuu changu, na machungwa yake ya Muheza,
kikasimama shingo upande,
jogoo akinitazama kwa jicho moja.

Leo Jumapili. Mwinjuma yuko Pongwe, kwa mwenzangu.
Si zamu yangu hadi Jumanne,
na upepo ulioingia kwenye breki haujui zamu.

Zamani tulikuwa wawili.
Mimi chini, na spana namba nane,
yeye kitini, mguu mtupu kwenye pedeli.
Pampu. Pampu. Shikilia.
Nafungua, inatema, nafunga.
Achia.
Chini ya gari humwoni mtu, basi nilikuwa nauliza:
"Upo?"
"Nipo."
Na ile chuchu ya chuma niliyokuwa naifungua
mafundi wa Ngamiani nao huiita nipo.
Tulicheka siku ya kwanza. Ya pili pia.
Baadaye ikawa kazi tu.

Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa.
Chawa, labda.
Mimi nimekwenda duka la dawa Makorora
kununua mpira wa dripu.
Muuzaji akauliza mgonjwa ana nini.
"Miguu," nikamwambia. "Haisimami."

Naanza na gurudumu la mbali, nyuma kushoto;
afagiaye chumba haanzii mlangoni.
Mpira kwenye nipo, ncha ya pili chupani,
imezama vidole viwili katika oili safi.
Siri yote ndiyo hiyo:
kitakachotoka kitoke,
kitakachotaka kurudi kikute oili, kisikute hewa.
Nalegeza robo. Nainuka, magoti yanalia.
Nazunguka, naingia, nakanyaga polepole,
naachia polepole zaidi,
nashuka, nazunguka, nainama, nachungulia.
Oili inakuja nyeusi, chai iliyosahauliwa jikoni,
na viputo vinapanda ndani yake.

Bi Mwantumu ameegemea ua wa makuti:
"Mama Shebughe, unamnyonyesha nani na chupa hiyo?"
"Namkamua," nasema.
Anacheka hadi kanga inamvuka.
Hajasema nije nikusaidie, nami sijamwomba.

Kikopo cha juu nakijaza kabla hakijakauka.
Ukisahau hapo unarudi mwanzo,
na mwanzo leo nimeshaufika mara mbili.
Tone moja limeangukia bodi, rangi imevimba.
Nimemwagia maji, nimechelewa.

Gurudumu la tatu, nikiwa nimepiga goti na sabuni ya jasho machoni,
ndipo nilipolijua jambo
ambalo miaka kumi na moja sikulijua:
Mwinjuma alikuwa akiachia kabla sijafunga.
Kila mara. Kidogo tu, upana wa pumzi.
Mguu wake ulikuwa na safari.
Na kila mwaka tulibakiwa na upepo ndani,
tukisema gari ni kuukuu.

La nne. Mbele kulia, karibu na usukani.
Viputo vidogo, kimoja, halafu kimoja,
halafu mpira mzima umejaa rangi ya asali changa
na hakuna kinachopanda.
Nakaa kitini, nakanyaga.
Pedeli inasimama juu, ngumu kama kizingiti.
Nakanyaga tena, bila haja,
kwa utamu tu wa kukuta kitu kinakataa.

Nimerudi chini kukaza, simu inalia.
Sauti ya Pongwe, redio nyuma yake, sufuria, mtoto.
"Upo?"
Mkono wangu wa kulia uko kwenye spana.
Tone moja limening'inia kwenye uzi wa chuma,
halianguki wala halikauki.
"Nipo," nasema,
nakaza robo.